Mamangu ana kibyongo: atatiwaje mpira wa pumzi akiwa macho?

Swali: Daktari, shikamoo. Mamangu ana miaka 63, twakaa Likoni. Utotoni aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akabaki na kibyongo. Tukishuka feri upande wa mjini hupumzika mara mbili kabla hajaumaliza ule mpando. Ana vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na mwaka huu maumivu yamempeleka hospitali mara tatu. Daktari wa upasuaji amekubali kukitoa kifuko. Lakini daktari wa usingizi alipomtazama mdomo na shingo alisema atampitishia mpira wa pumzi puani akiwa macho, ndipo amlaze, na kitanda cha mahututi kiwe tayari. Nyumbani tumegawanyika. Kakangu asema huyo hajui kazi: mbona mkewe alidungwa sindano ya mgongo tu akazaa kwa kisu bila shida? Mama mwenyewe ameanza kusema bora afe na vijiwe vyake. Tufanyeje? Nimesahau kukwambia, hutafuna tambuu tangu ujana.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo ulilolisahau mpaka mwisho ndilo nitakaloanza nalo.

Mwambie mama afungue mdomo kadiri awezavyo, kisha asimamishe vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine, baina ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu, sawa. Nashuku kwake vitaingia viwili, tena kwa kusukumwa. Popoo iliyomo kwenye tambuu, ikikaa shavuni miaka na miaka, huigeuza nyama laini ya ndani ya mdomo ikawa nyeupe na ngumu kama kamba, na mdomo ukawa unafunga kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Anayeugua hivyo hugundua siku embe limemshinda kuuma. Kuacha popoo huzuia hali isizidi, ila kulikokwisha kukaza hakulegei. Hapa kwetu, hasa Mji wa Kale, nimewaona wengi wa namna hii, na huwa siwaachi waende bila kuwaambia wakaguliwe mashavu, maana nyama ile yaweza kugeuka saratani. Nanyi fanyeni hivyo, vijiwe au visiwe vijiwe.

Sasa, sisi madaktari wa nusukaputi mdomo twautazama kwa nini? Mgonjwa akilala kwa dawa na misuli yake ikalegezwa, hapumui mwenyewe. Yatubidi tupitishe mpira mpaka kwenye bomba la pumzi, katikati ya nyuzi za sauti, tumpumulie. Kwa kawaida mtu hulazwa kwanza, kisha twaingiza kifaa cha chuma mdomoni, tunainua ulimi na taya, tunaziona nyuzi na kupitisha mpira. Kazi ya nusu dakika. Lakini kazi hiyo yataka mdomo ufunguke na kichwa kirudi nyuma. Mamako mdomo haufunguki vizuri, na mwenye kibyongo kichwa chake kimekwisha kusukumwa mbele. Ukimlaza chali kinaning'inia hewani mpaka umpangie mito, na hata hivyo shingo hairudi. Ndiyo maana daktari wenu alimtazama sehemu hizo mbili akanyamaza kidogo. Ule unyamavu naujua.

Mlango mwembamba peke yake si balaa. Tatizo la mamako ni kwamba nyuma ya mlango mwembamba ipo nyumba ndogo.

Watu husikia "hapumui vizuri" wakadhani ni pumu. Pengine jirani amekwisha kuwashauri dawa ya kupuliza. Pumu ni ugonjwa wa mabomba: mapafu ni makubwa, njia zimebana. Wa mamako ni kinyume chake. Njia ziko wazi, ila mbavu na mgongo vimejikunja na kukaza, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka, kama mtu aliyevaa kizibao cha mtoto. Akipuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, hewa hutoka kwa kasi nzuri tu, lakini ni kidogo. Dawa ya kupuliza haitamfaa kitu kwa hilo.

Hesabu yake ni hii, na nakuomba uifuate pamoja nami kwa sababu jibu lote limo humo. Nyumbani kwenu Likoni mna tangi juu ya paa, sivyo? Maji ya mfereji yakikatika mnaishi kwa tangi. Mwili nao una tangi la hewa: mtu mzima mwenye afya akishatoa pumzi ya kawaida, mapafuni hubaki kama lita 2 na nusu. Akiwa ametulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kila dakika. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo kabla ya kumlaza mtu twamvutisha oksijeni tupu kwa dakika 3 hivi mpaka tangi lake lijae oksijeni. Mtu huyo, pumzi ikikatika, anaweza kukaa kama dakika 8 kabla kiwango cha oksijeni kwenye damu hakijaanguka vibaya. Ni muda mrefu. Daktari ataweza kukosea, kutoa kifaa, kubadilisha, kujaribu tena.

Mwenye mapafu yaliyobanwa tangi lake ni dogo tangu mwanzo. Mlaze chali, linapungua, kwa kuwa matumbo yanasukuma juu kiwambo, ule msuli utenganishao kifua na tumbo. Mpe dawa ya usingizi, linapungua tena. Kwa mtu kama mamako dakika 8 zile zaweza kuwa 2 au chini yake. Na ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika 4 au 5 hivi huanza kupata madhara yasiyoponyeka. Weka sasa mambo mawili pamoja: mlango unaotaka muda mrefu kuufungua, na tangi lisilo na muda wa kukupa.

Nitakusimulia kisa ambacho sijivunii. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado najifunza fani hii, katika hospitali ambayo sitaitaja, nililetewa mzee wa ngiri. Mdomo wa tambuu, vidole viwili. Orodha ya siku ile ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa kijana mwenye kujiamini. Nikamlaza. Chuma kiliingia nusu. Nilichoona ni ulimi tu. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hulia kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikishuka mlio nao hushuka, unakuwa mzito. Niliusikia ukishuka ngazi moja baada ya nyingine huku mikono yangu ikitetemeka. Nilibahatika: nilikuwa nimetumia dawa ya kulegeza misuli ambayo huisha kwa dakika chache, na kwa barakoa usoni, tukishirikiana watu wawili, tulimpitishia hewa kiasi mpaka akaanza kupumua mwenyewe. Aliamka, akauliza kama tumeshamaliza. Mapafu yake yalikuwa mazima, mwanangu. Angekuwa na kibyongo cha mamako singeandika habari hii kwa utulivu nilio nao.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Pumzi ya mamako mwenyewe, hiyo fupi ya kupumzika mara mbili kwenye mpando wa feri, ndiyo mbachao wake. Imemtunza miaka 63. Ukimpa dawa ya usingizi kabla mpira haujaingia umeutupa mbachao kwa kutegemea msala ambao hujaushika mkononi. Ukiuingiza mpira kwanza akiwa anapumua, hata ukishindwa mara ya kwanza hakuna kilichopotea. Unatoa, anapumzika, anavuta oksijeni, unajaribu tena, au mnaahirisha mnarudi nyumbani. Daktari aliyesema "akiwa macho" amekuonyesha kwamba hesabu hii anaijua. Kakako amemdhulumu.

Tena si jambo jipya. Mwaka 1878 huko Glasgow, daktari wa upasuaji William Macewen alimpitishia mgonjwa mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi mpira mpaka bomba la pumzi, kwa kupapasa na vidole, mgonjwa akiwa macho, ndipo ikaja klorofomu. Yaani historia ya kupitisha mpira wa pumzi mdomoni kwa ajili ya nusukaputi ilianza hivyo. Na jambo litakalomchekesha mama: mwaka 1967 daktari Peter Murphy wa London, alipokuwa wa kwanza kupitisha mpira kwa msaada wa kamera nyembamba inayopinda, alitumia kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama mirija ya nyongo.

Sasa mweleze mama yatakayotokea. Mweleze polepole, kwa sababu ushirikiano wake ni nusu ya dawa.

Hatalazwa chali. Ataketi, au ataegemea kwa kuinuliwa, vile anavyopumua vizuri nyumbani, na daktari huenda akasimama mbele yake wakitazamana. Kabla ya hapo atapewa sindano ya kukausha mate, kwa hiyo mdomo utakauka kama wa mchana wa Ramadhani. Ataulizwa kila tundu la pua linapitisha hewa vipi, lililo bora lichaguliwe, litiwe matone ya kubana mishipa ili lisitoke damu. Kisha ganzi: atapuliziwa puani na kooni, pengine atavutishwa kama mvuke. Ni chungu, inawasha, halafu koo linakuwa kama si lake. Hapa ndipo pasipotakiwa haraka. Ganzi ikipewa dakika 15 au 20 ikakolea, sehemu iliyobaki huwa nyepesi. Ikiharakishwa, mgonjwa anateseka na daktari anashindwa. Ina kipimo chake kwa uzito wa mwili, kwa hiyo haiongezwi ovyo, hasa kwa mama mwembamba.

Atapewa pia dawa kidogo ya kumtuliza, atakuwa kama mtu anayesinzia kwenye matatu lakini ukimwita anaitika. Oksijeni itakuwa inaingia muda wote kwa vimirija vya puani. Kamera yenyewe ni nyembamba kama waya wa kuchajia simu. Inapita puani, inashuka nyuma ya ulimi, inapita kidakatonge, na hapo kwenye kioo zinaonekana nyuzi mbili nyeupe zikifunguka na kufunga kwa kila pumzi. Zikifunguka, kamera hupita. Atakohoa, na kukohoa huko si dalili mbaya. Mpira uliovishwa juu ya kamera husukumwa ufuate njia ile ile. Kwa dakika hiyo moja hataweza kutoa sauti, na hilo ndilo linalowatisha watu wasipoambiwa mapema. Mashine ikionyesha mawimbi ya kaboni dayoksaidi kutoka kwenye pumzi zake, ndio ushahidi kwamba mpira umo mapafuni na haumo tumboni, na hapo hapo anapewa usingizi. Wengi kesho yake hawakumbuki chochote ila ladha mbaya ya ganzi.

Kuhusu sindano ya mgongo. Wifi yako alipasuliwa chini ya kitovu, na mgongo wake umenyooka. Kifuko cha nyongo kiko juu, chini ya mbavu za kulia. Ili ganzi ya mgongo ifike huko yapasa ipande mpaka kifuani, na ikipanda hivyo huilegeza misuli ya mbavu na ya tumbo, ile ile anayoitegemea mamako kupumua na kukohoa. Isitoshe, mgongo uliopinda kwa kifua kikuu cha zamani hautabiriki: sindano inaweza kukosa njia, au dawa ikakaa upande mmoja, au ikapanda kuliko ilivyokusudiwa. Hapo ndipo utakapohitaji mpira wa pumzi kwa dharura, kwa mtu yule yule mwenye mdomo wa vidole viwili, safari hii akiwa anakata roho. Kwa upasuaji wa mguu ningeifikiria sindano hiyo. Kwa nyongo, hapana.

Jambo ambalo hamkuuliza, lakini ningeliuliza mimi: je, atapasuliwa kwa matundu madogo na kamera, au kwa kisu kirefu? Matundu hutaka tumbo lijazwe gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo husukuma kiwambo juu na nyingine huingia kwenye damu, ikabidi mashine ipumue zaidi kuitoa. Ni mzigo kwa mapafu madogo. Lakini jeraha refu chini ya mbavu huuma, na mtu anayeumwa hapo havuti pumzi ndefu wala hakohoi; uwezo wake wa kupumua waweza kushuka kwa nusu katika siku za mwanzo. Mimi huegemea matundu, kwa sharti kwamba mpasuaji ajaze gesi kwa shinikizo dogo, asikimbizane na saa, na akubali kugeukia kisu mama akionekana kulemewa. Madaktari hao wawili wazungumze kabla ya siku yenyewe, si mezani.

Na kitanda cha mahututi? Kakako amedhani ni ishara ya kukata tamaa. Wengi hufikiri hatari iko mwanzoni, kwenye kulala. Uchunguzi mkubwa wa ajali za njia ya hewa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 uligundua kwamba karibu theluthi ya ajali zilizotokea wakati wa nusukaputi zilitokea mwishoni, wakati wa kuamsha na baada yake. Mwenye mapafu madogo anaweza kutolewa mpira vizuri kabisa saa nane mchana, akachoka saa tatu usiku. Kwa hiyo mpira wake usitolewe mpaka awe macho kabisa, ameketi, anakunja ngumi anapoambiwa, na dawa ya kulegeza misuli imepimwa kwa kifaa ikaonekana imekwisha. Kisha usiku wa kwanza akae mahali penye muuguzi wa karibu na mashine ya kumsaidia pumzi kwa barakoa. Maumivu yatulizwe kwa ganzi iliyopigwa kwenye kuta za tumbo na kwa dawa nyepesi, kwa kuwa jamii ya mofini ikizidi hupunguza pumzi. Msishangae wakimwamsha kila saa avute pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto. Anayemwonea huruma akamwacha alale tu hamsaidii.

Umeniuliza mfanyeje. Msibadilishe daktari kwa sababu ya kauli yake. Lakini mwulizeni kama kamera ya kupinda ipo hapo hapo hospitalini na inafanya kazi, na kama njia ya kwanza ikishindwa ya pili ni ipi. Atakayekujibu bila kukasirika, mpe mamako. Hospitali ikiwa haina kamera wala mahututi, ni haki yenu kuomba rufaa. Kwa ukanda huu Hospitali ya Rufaa ya Pwani ndiyo ya kuulizia kwanza kabla hamjafikiria Nairobi. Ulizeni bima yenu mapema kuhusu siku za mahututi, maana gharama za huko huwavuruga watu kuliko upasuaji wenyewe.

Kabla ya siku, apimwe pumzi. Na hapa kuna kosa dogo nililoliona mara nyingi: urefu wa mtu mwenye kibyongo haupimwi kwa kusimama. Anyooshe mikono pande mbili, apimwe kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. La sivyo mashine itamhesabu kuwa mtu mfupi, na mapafu yake madogo yataonekana mazima. Uwezo wake ukiwa chini ya nusu ya unaotarajiwa, mipango ya mahututi si ya hiari tena. Apimwe moyo kwa mashine ya picha, kwa kuwa mapafu yaliyobanwa miaka mingi huuchosha upande wa kulia wa moyo. Apigwe picha ya kifua kuhakikisha kile kifua kikuu cha utotoni kimelala. Akiwa na mafua au kikohozi chenye makohozi, ahirisheni; vijiwe visivyo na homa wala manjano ya macho vinaweza kungoja. Wiki mbili za mazoezi ya pumzi na mtaalamu wa viungo, na kutembea asubuhi ufukweni kabla jua halijakali, zina faida kuliko watu wanavyofikiri. Udi na mkaa ndani ya nyumba visimame kwa muda huo. Tambuu nayo.

Usiku wa kuamkia upasuaji asile chochote kwa saa 6 kabla ya wakati aliopangiwa. Uji na chai ya maziwa ni chakula, msidanganyane. Maji matupu au chai ya rangi aweza kunywa mpaka zibaki saa 2, isipokuwa daktari amesema vingine.

Na kwa kuwa nawajua akina mama wa Pwani, najua mtataka kumpamba aende hospitali akiwa msafi. Hina nyekundu haina neno kubwa, lakini piko nyeusi kwenye ncha za vidole inaweza kukichanganya kile kibanio cha oksijeni nilichokuelezea. Mpambeni mnavyotaka, ila mumwachie kidole kimoja kitupu, na kucha yake isiwe na rangi.